Dawa ndani ya chembe za mimea: Bonde la Ufa lisirudie kosa la pareto

MGONJWA wa kifua kikuu anayeishi katika mtaa wa Section 58 mjini Nakuru hutakiwa kumeza dawa kila siku kwa muda wa miezi sita. Kwa hesabu ya wahudumu wa afya hizo ni siku 168, na kila siku ina vidonge vyake.

Katika miezi miwili ya kwanza humeza mchanganyiko wa dawa nne: rifampicin, isoniazid, pyrazinamide na ethambutol. Kwa miezi minne inayofuata hubakia na mbili za kwanza. Kikohozi huanza kupungua baada ya wiki chache tu, mwili hurejewa na nguvu, na hapo ndipo mtihani wa kweli unapoanza.

Mtu ambaye machoni pa majirani amekwisha kupona ana sababu nyingi za kuacha dawa. Nauli ya matatu, kibarua kisichomsubiri mtu, aibu ya kuonekana kwenye foleni ya kliniki na tumbo tupu lisilovumilia vidonge, yote humrudisha nyuma. Naye anayekatiza matibabu huvipa viini vya maradhi nafasi ya kuzoea dawa, hata mwishowe zisivifanye kitu.

Serikali iliwahi kujaribu kulitatua tatizo hili kwa pingu. Mnamo Agosti 2010, wagonjwa waliokuwa wamekatiza matibabu katika eneo la Kapsabet, Nandi, walikamatwa na kuhukumiwa kifungo cha miezi minane chini ya Sheria ya Afya ya Umma. Watu wenye maradhi yanayoenezwa kwa hewa wakapelekwa gerezani, mahali ambapo hewa ni haba.

Kesi hiyo ilifika Mahakama Kuu. Mnamo Machi 24, 2016, siku ambayo ulimwengu huadhimisha Siku ya Kifua Kikuu, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwafunga wagonjwa gerezani kwa sababu hiyo kulikiuka Katiba.

Uamuzi huo ulimaliza suala la pingu. Haukumaliza suala la siku 168. Ndiyo maana utafiti unaoendelea katika maabara za Afrika na kwingineko, wa kuifunga dawa ndani ya chembe ndogo mno zinazotengenezwa kwa mimea ili itoke kidogo kidogo mwilini, unastahili kufuatiliwa kwa makini na wakazi wa Bonde la Ufa ya kati. Unawahusu kama wagonjwa, na unawahusu pia kama wakulima.

Kwa nini dawa humezwa kila siku

Dawa nyingi hazikai mwilini. Nusu ya rifampicin iliyomo damuni hutoweka katika muda wa saa chache, na isoniazid huondoka upesi zaidi kwa watu ambao maini yao huichakata haraka. Aidha, dawa hizo mbili zinapokutana katika asidi ya tumbo, isoniazid huharakisha kuharibika kwa rifampicin. Sehemu ya kile anachokimeza mgonjwa hupotea kabla ya kufika kwenye mapafu.

Wazo la kuidhibiti dawa ili itoke polepole si geni kwa familia za Kenya. Kina mama wameizoea sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu, na kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono kwa miaka kadhaa. Katika njia zote mbili dawa huwekwa mara moja, nayo hujitoa yenyewe kwa kipimo.

Chembe za nano hufuata wazo hilo hilo kwa kiwango kidogo zaidi. Nanomita moja ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni moja, na unene wa unywele wa binadamu hukadiriwa kuwa kati ya nanomita 80,000 na 100,000. Chembe zinazotumiwa kubeba dawa za kifua kikuu huwa na nanomita mia chache tu.

Ganda la chembe hiyo huwa ni polima, yaani mnyororo mrefu wa molekuli zinazofanana. Linapoingia mwilini hulika taratibu, kama pipi ngumu inavyoyeyuka mdomoni mwa mtoto, tabaka baada ya tabaka, na dawa iliyomo ndani hutoka kwa kadiri hiyo.

Kwa kifua kikuu kuna faida nyingine. Viini vya maradhi haya hujificha ndani ya seli za kinga, zile zile ambazo kazi yake ni kumeza wavamizi. Seli hizo hizo huvimeza pia vitu vigeni vyenye ukubwa wa chembe za nano. Hivyo dawa hubebwa hadi ndani ya maficho ya adui, na anayeibeba ni mlinzi mwenyewe.

Ganda linalotoka shambani

Polima inayotumiwa zaidi katika utafiti huu hujulikana kwa kifupi kama PLGA. Huundwa kwa asidi mbili, ya laktiki na ya glikoliki. Asidi ya laktiki ndiyo inayoyapa mursik na maziwa ya mgando uchachu wake. Viwandani, asidi hiyo hupatikana kwa kuchachusha wanga wa mahindi au sukari ya miwa.

PLGA si jambo la kubuniwa jana. Mnamo 1989 Marekani iliidhinisha sindano ya saratani ya tezi dume inayotumia vitufe vya polima ya jamii hiyo, vikubwa kuliko chembe za nano, na kuiwezesha dawa kufanya kazi kwa mwezi mzima. Polima hiyo ikishamaliza kazi huvunjika na kuwa asidi ambazo mwili huweza kuzichakata, hadi zikabakia maji na hewa ya kaboni.

Zipo polima nyingine zinazotoka kwenye mimea moja kwa moja: wanga wenyewe, selulosi inayojenga mashina na nyuzi, pektini ya maganda ya matunda, na alginati inayotolewa katika aina fulani za mwani wa baharini.

Kwa mtazamo huo, eneo la Nakuru na viunga vyake ni ghala. Mahindi hulimwa Njoro, Rongai na Subukia, na baada ya mavuno mabua na magunzi huachwa shambani au kulishwa mifugo. Upande wa Mogotio, katika Kaunti jirani ya Baringo, yapo mashamba ya mkonge. Jani la mkonge hutoa nyuzi zisizozidi sana asilimia nne ya uzito wake, na sehemu kubwa iliyobaki huwa ni taka.

Hata hivyo, kuwa na malighafi si sawa na kuwa na teknolojia. Historia ya Nakuru yenyewe yatosha kulithibitisha hilo, kama itakavyoonyeshwa hapa chini.

Kutoka Pretoria hadi Arusha

Jina linalotajwa kwanza katika fani hii Afrika Mashariki ni la Profesa Hulda Swai, mwanasayansi Mtanzania. Akiwa katika Baraza la Utafiti wa Kisayansi na Viwanda la Afrika Kusini, CSIR, mjini Pretoria, aliongoza kazi ya kuzifunga dawa za kifua kikuu ndani ya chembe za PLGA. Lengo lilikuwa wazi: mgonjwa ameze dawa mara moja kwa wiki badala ya kila siku.

Kwa hesabu rahisi, siku 168 za dawa zingekuwa siku 24. Kwa mhudumu wa afya wa mashinani anayewafuatilia wagonjwa nyumba kwa nyumba, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Profesa Swai baadaye alirejea nyumbani na kujiunga na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela mjini Arusha, ambako amewaandaa wanasayansi vijana wa kanda hii. Umoja wa Afrika ulimtunukia tuzo yake ya kisayansi inayobeba jina la Kwame Nkrumah.

Matokeo ya kutia moyo yalikuwa yamekwisha kuripotiwa nchini India mapema miaka ya 2000. Watafiti wa Chandigarh waliwatibu kwa mvuke simbilisi, wale wanyama wadogo wa jamii ya panya wanaotumiwa sana katika maabara. Dozi tano za chembe za PLGA, kila baada ya siku kumi, ziliviondoa viini kwenye mapafu kiasi cha kutoonekana. Dawa za kawaida za kumeza zilihitaji dozi 46 za kila siku ili kufikia matokeo hayo. Watafiti hao walijaribu pia alginati ya mwani na kuona dalili zinazofanana.

Basi kwa nini, zaidi ya miaka 20 baadaye, mgonjwa wa Section 58 bado anahesabu vidonge vyake kila asubuhi?

Vikwazo vitano

Sababu ya kwanza ni kwamba simbilisi si binadamu. Kutoka maabara hadi kliniki kuna majaribio ya hatua kadhaa kwa watu wa kujitolea, yanayochukua miaka na kugharimu fedha nyingi.

Ya pili ni uzito. Mtu mzima mwenye kilo 60 humeza vidonge vinne vya mchanganyiko katika miezi miwili ya kwanza, ambavyo jumla yake ni takriban gramu 3.6 za dawa kwa siku. Chembe ya nano hubeba sehemu tu ya uzito wake kama dawa. Kuzikusanya dozi za wiki nzima katika meza moja ni kazi ngumu, hata ikizingatiwa kwamba dawa inayofika inakotakiwa huweza kupunguzwa kipimo.

Ya tatu ni usalama. Dawa za kifua kikuu huweza kudhuru ini. Kidonge cha kila siku kikileta madhara, daktari husema acha, na kesho yake mwili huanza kujisafisha. Dawa iliyofungwa ndani ya ganda haisikii amri hiyo. Isitoshe, ikitoka kwa kiwango kidogo mno mwishoni mwa muda wake huweza kuvizoesha viini, na kuleta usugu ule ule uliokusudiwa kuepukwa.

Ya nne ni mmea wenyewe. Wanga au selulosi ya msimu wa mvua huweza kutofautiana na ya kiangazi, na ya shamba moja na ya jingine. Kiwanda cha dawa hakiruhusu tofauti hiyo. Kila kundi la chembe lazima lifanane na lililotangulia kwa ukubwa, usafi na mwendo wa kutoa dawa.

Ya tano, na pengine iliyo nzito kuliko zote, ni soko. Kifua kikuu ni maradhi ya maskini. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba watu milioni 10.7 waliugua mwaka 2024 na milioni 1.23 wakafariki. Wengi wao hawana uwezo wa kumrejeshea mwekezaji fedha zake.

Kenya inaujua mzigo huo. Utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 uligundua kwamba watu wazima 558 kati ya kila 100,000 walikuwa na kifua kikuu, idadi iliyozidi mara mbili makadirio ya awali. Takriban asilimia 40 ya wagonjwa hawakuwa wakifikiwa na huduma. Utafiti mwingine, uliotolewa 2018, ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya familia za wagonjwa zilitumia au kupoteza zaidi ya asilimia 20 ya mapato yao ya mwaka, ijapokuwa dawa zenyewe hutolewa bure.

Mashindano ya njia fupi

Wakosoaji wa nano wana hoja. Wanasema badala ya kuitafutia dawa ya zamani ganda jipya, ni heri kutafuta dawa inayoponya upesi zaidi. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa 2021, ambao Kenya ilishiriki, ulionyesha kwamba mseto wenye rifapentine na moxifloxacin hutibu kwa miezi minne. Mwaka uliofuata WHO iliuweka katika mwongozo wake, na kukubali pia miezi minne kwa watoto wenye kifua kikuu kisicho kikali.

Kwa upande mwingine, maendeleo katika vita dhidi ya Ukimwi yameonyesha kwamba dawa ya kutoka polepole si ndoto. Cabotegravir, iliyosagwa hadi chembe za kiwango cha nano, iliidhinishwa Marekani Desemba 2021 kama kinga inayodungwa kila baada ya miezi miwili. Lenacapavir, inayodungwa mara mbili kwa mwaka, iliidhinishwa huko Juni 2025, na WHO ikaipendekeza Julai mwaka huo.

Bei ya lenacapavir yatosha kuwa somo. Nchini Marekani ilitangazwa kwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Septemba 2025 zikatangazwa nakala za bei nafuu, kwa takriban dola 40 kwa mwaka, zitakazoanza kupatikana 2027. Kampuni sita zilizopewa leseni ya kuitengeneza nakala hiyo Oktoba 2024 ni za India, Pakistan na Misri. Hakuna hata moja ya Kenya.

Funzo la ua jeupe

Hapo ndipo historia ya Nakuru inaporudi mlangoni.

Pareto iliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920 na kustawi katika nyanda za juu za Molo, Kuresoi, Elburgon na Gilgil. Kwa miongo kadhaa Kenya iliongoza duniani kwa zao hilo, na makao makuu ya Bodi ya Pareto yalikuwa mjini Nakuru. Maua yalikaushwa, yakakamuliwa sumu yake ya kuulia wadudu, na sehemu kubwa ya dondoo hiyo ikasafirishwa ng'ambo.

Sumu ya pareto ina udhaifu mmoja: jua huiharibu katika muda wa saa chache. Wanasayansi wa Uingereza hawakuishia kulalamika. Mnamo 1973 Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted walitangaza permethrin, molekuli ya maabara iliyoiga ile ya ua lakini inayostahimili jua.

Kampuni ya Sumitomo ya Japani ikaichukua permethrin na kuichanganya ndani ya nyuzi za plastiki za chandarua, ili itoke polepole hadi juu ya uzi hata baada ya kufuliwa mara nyingi. WHO ilikikubali chandarua hicho 2001. Kwa maneno mengine, ni dawa iliyofungwa ndani ya polima na kutolewa kwa kipimo, wazo lile lile la chembe za nano. Kuanzia 2003 teknolojia hiyo ilihamishiwa Arusha, katika kiwanda cha A to Z.

Nakuru ilibaki wapi? Wakulima walikaa miaka bila kulipwa, wengi wakang'oa pareto na kupanda viazi. Uongozi wa sekta hiyo duniani ukahamia Tasmania, nchini Australia. Sheria ya Pareto ya 2013 iliigawa bodi ya zamani kuwa mamlaka ya udhibiti na kampuni ya usindikaji, na tangu hapo juhudi za kulifufua zao hilo zimekuwa za kupanda na kushuka.

Ua lilikuwa la Molo, lakini faida kubwa iliwaendea walioielewa molekuli yake. Yeyote anayewaambia wakulima wa Rongai kwamba mabua yao yatakuwa dawa, bila kuwaambia ni nani atakayemiliki utaratibu wa kuyageuza, anawauzia hadithi waliyokwisha kuisikia.

Pa kuanzia

Eneo hili halikosi watu. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, na wanafunzi wake wa udaktari hupata mafunzo katika hospitali kuu ya rufaa ya Nakuru. Kabarak nayo hufundisha masomo ya tiba. Molo kuna kituo cha utafiti wa kilimo chenye historia ndefu ya pareto. Nakuru yenyewe imekuwa jiji tangu Desemba 1, 2021.

Kinachokosekana ni kiungo. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, hospitali na huduma za kilimo mashinani ni za kaunti, ilhali vyuo vikuu na Bodi ya Famasia na Sumu ni vya serikali kuu. Mkulima, daktari na mkemia wanaishi katika kaunti moja lakini bajeti zao hazikutani.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 iliahidi utafiti asilimia mbili ya pato la taifa. Lengo hilo halijawahi kufikiwa. Kufungwa kwa shirika la misaada la Marekani, USAID, Julai 1, 2025, kumeonyesha hatari ya kuitegemea hazina ya mwingine.

Wenye busara wangeanza na lililo karibu. Kuifunga sumu ya pareto ndani ya polima za mimea ili isiharibiwe upesi na jua ni kazi yenye kanuni nyepesi kuliko za dawa ya binadamu, na ina soko katika mashamba ya Naivasha na Njoro. Fundi anayejifunza kutengeneza chembe zinazofanana kwa ajili ya kidudu cha nyanya ndiye atakayeweza kesho kuzitengeneza kwa ajili ya pafu la mgonjwa.

Pili, malighafi iwe taka, si chakula. Nchi ambayo bei ya unga huweza kutikisa serikali haiwezi kuwaambia raia kwamba mahindi yao yanakwenda maabara. Mabua, magunzi na mabaki ya mkonge yapo, nayo hayamnyimi mtoto uji.

Tatu, mikataba ya utafiti iandikwe mapema, ikieleza haki za chuo, za kaunti na za wakulima. Pareto ilifunza kwamba anayengoja hadi bidhaa ifike sokoni ndipo adai fungu lake huwa amekwisha kuchelewa.

Yote hayo yatachukua miaka, na mgonjwa wa Section 58 hana miaka ya kungoja. Anachohitaji leo ni dawa isiyokosekana kliniki, nauli ya kufikia kliniki hiyo, chakula cha kumezea vidonge na mhudumu anayemwita kwa jina lake bila kumtishia gereza. Serikali ya kaunti ikishindwa na hayo manne, kidonge cha wiki kitakapofika kitamkuta mgonjwa aliyekwisha kukata tamaa.